Nukta Tatu Tatu Chini ya Beringi

Jumanne. Upepo wa Menengai umetupulizia vumbi kutwa nzima, na sasa jioni kuna mawingu ambayo sidhani yana nia ya kunyesha. Nimenawa mikono mara mbili kwa sabuni ya unga na bado inanuka grisi.

Leo nimeshinda na hasira. Ilipofika saa kumi na moja ndipo nilipojua namkasirikia nani.

Jana Mama Wangeci alikuja kwenye kibanda changu kutoka Subukia, amebeba injini ya pikipiki ndani ya gunia. Pikipiki yenyewe aliiacha nyumbani, imeegemea zizi. Anaiendesha mwenyewe kila asubuhi, mtungi wa maziwa nyuma na buti za mpira miguuni, hadi kituo cha kupoza maziwa. Tangu injini ife, maziwa ya jioni yanaganda na ya asubuhi anawapa ndama.

"Fundi, hii ikiharibika kabisa mimi nimeisha," aliniambia. "Ingine kama hii nimetafuta Nakuru mzima, hakuna."

Niliifungua akiwa amesimama hapo hapo. Beringi ya krankshafti, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, ilikuwa imesagika, gololi zimetapakaa ndani ya oili. Kilichobaki ni ringi yake ya nje, imekwama kwenye tundu lake ndani ya kesi, yaani ganda la injini, imekaa upande. Na tundu lenyewe limezibwa nyuma, huwezi kuisukuma kutoka upande wa pili. Kesi ni ya aluminiamu. Ukiipiga vibaya inapasuka, na ikipasuka, Mama Wangeci hana pikipiki tena.

Nikaropoka. "Mathe, fundi aliyefunga hii beringi alikuwa mlevi. Ukikutana na yeye, usimrudie maisha yako yote."

Alisema hamjui. Pikipiki aliinunua ikiwa imetumika, kwa mtu wa boda wa Gilgil. Hilo la Gilgil nililisikia, likapita.

Asubuhi ya leo nilianza kwa upumbavu. Najua kabisa kwamba ringi iliyokwama haitolewi kwa patasi, lakini niliona nitamaliza mapema. Pigo la tatu liliteleza na kuchimba aluminiamu, mkwaruzo wa urefu wa punje ya mchele. Niliweka nyundo chini, nikatoka nje kukaa kwenye tairi.

Halafu nikaenda kumbembeleza Mama Akoth, anayepika chapati mlango wa pili. Aluminiamu ikipata moto hupanuka kuliko chuma, kwa hiyo tundu hufunguka na ringi hulegea. Lakini moto unatakiwa uwe wa polepole na uenee kote, na hakuna moto unaoenea kama wa jiko lake.

"Hapa ni pa chapati, si pa vyuma," alisema, lakini alisogeza kikaango.

Nilingoja hadi tone la maji likaanza kurukaruka juu ya kesi. Nikaishika kwa matambara, nikaigeuza, nikaigonga juu ya ubao. Wapi. Nikarudia. Wapi tena. Safari hii niliisikia harufu ya gundi iliyoungua. Kumbe huyo fundi aliipaka gundi pia! Nilimtukana upya, matusi ambayo Mama Akoth, mtu wa kwaya, hakuyafurahia.

Ilibaki njia moja, ya Barasa, jirani yangu wa kuchomelea. Ukichomelea mstari mmoja kuzunguka ndani ya ringi, chuma kile kikipoa hujikunja na ringi hupungua kidogo tu, kiasi cha kuachia. Tatizo ni kwamba saa sita stima ilikuwa imepotea, na mashine yake haichomi bila umeme. Barasa akaniambia nirudi kesho.

Nikakataa. Nilikaa hapo na kesi mapajani, nikisafisha kila pembe yake kwa mswaki, kwa muda wa saa nne nzima. Nilijiambia siendi nyumbani ringi ikiwa ndani.

Stima ikarudi. Nilifunika kesi kwa gunia bichi, Barasa akazungusha mstari wake taratibu, kisha tukangoja. Nilipoigeuza juu ya ubao sikuhitaji hata nyundo. Ringi ilianguka yenyewe.

Ting!

Nilipiga kelele mpaka Mama Akoth akatoka kutazama. Nikafuta tundu kwa petroli ili nione kama liko salama. Liko salama. Ndipo nikaziona nukta.

Tundu likichakaa, beringi hucheza. Dawa yake ni kupeleka kesi kwa mtu wa leti, mashine ya kuchongea vyuma, achonge na kuweka bushi, mkanda wa chuma wa kujaza nafasi. Njia ya mkato ni kugonga nukta kwa panchi, kile chuma chenye ncha, kuzunguka tundu ili zishike beringi, na kupaka gundi. Inashika kweli, lakini upande upande. Mafundi wengi hutawanya nukta ovyo. Hizi zilikuwa tatu, nafasi, tatu, nafasi, safi kabisa.

Nukta tatu tatu ni zangu.

Kabla ya kuhamia hapa nilitengeneza pikipiki kando ya barabara pale Gilgil. Wateja walitaka kuondoka saa ile ile, nami nilitaka kuwa fundi asiyeshindwa na kitu. Mlevi mwenyewe ni mimi, na pombe sinywi.

Ningeweza kunyamaza. Bushi ingezifunika nukta na hakuna ambaye angejua. Nilisimama na tambara mkononi nikilifikiria hilo, nakiri, kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Kisha nikampigia simu Mama Wangeci, nikamweleza yote.

Nilisikia ng'ombe akilia nyuma yake.

"Si uliniambia huyo fundi nisimrudie maisha yangu yote?"

"Nilisema, Mathe."

"Sasa nifanye aje?"

"Mrudie mara moja tu."

Sikumsikia akicheka.

"Mara moja," alisema, akakata.

Panchi nimempa Barasa, yeye ana kazi nayo. Kesi nimeifunga ndani ya sweta yangu na kuiweka karibu na mlango. Mtu wa leti hufungua saa mbili. Saa moja na nusu nitakuwa nimesimama mbele ya kufuli lake.