Keria Tupu na Mchicha wa Kasansa

Mke wangu Mama Yusta, huko uliko,

Nakuandikia Jumamosi asubuhi, siku yetu. Nimeshamwagilia, nimeshakunywa chai, na baiskeli nimeiegemeza pale pale chini ya dirisha la jikoni. Zamani saa hizi ungekuwa umeshaniita mara mbili, kwamba jua linapanda na mimi bado naisugua baiskeli kama vile nakwenda kubeba bibi harusi.

Kiangazi cha Mpanda wengine wanakilalamikia, vumbi mpaka kwenye meno. Wewe ulikipenda. Ulisema mvua inamlimia hata mvivu, ila kiangazi ndicho kinaonyesha nani mkulima. Basi tukawa na matuta yetu manne nyuma ya nyumba hapa Makanyagio, mawili ya mchicha, moja la nyanya, moja la chainizi. Wiki nzima nilikuwa karakanani kwangu na mbao na misumari, lakini Jumamosi nilikuwa wako. Nilichota maji, nikabeba samadi, nikakemewa. "Baba Yusta, unamwagilia au unazamisha?" Sikuudhika hata siku moja, ingawa nilijifanya.

Na ule mchicha sasa. Mama yako alikupa mbegu siku ulipotoka Kasansa kuja kuolewa, kazifunga kwenye pindo la kanga, na tangu hapo hukununua mbegu ya mchicha dukani. Majani mapana, katikati yana doa la zambarau. Wauza mboga wa mjini wanaung'oa mchicha na mizizi yake kabla haujachanua, wanafunga mafungu, basi. Wewe ulichuma majani tu, na kila kiangazi uliacha mstari mmoja bila kuugusa, ukarefuka, ukachanua, ukakauka, mpaka wageni wakadhani tunafuga magugu. Mwisho ulipukuta zile mbegu nyeusi kwenye ungo, ukazichanganya na majivu, ukazitia kwenye chupa nyuma ya kabati.

Bustani ikiisha tulioga tukatoka. Wewe kwenye keria, nyuma yangu, juu ya kile kibao nilichokuchongea na kukiwekea sponji, umekaa upande, miguu yote kushoto, mafungu ya mchicha mapajani. Hatukuwa na safari. Tulizunguka tu, sokoni, halafu stesheni kuona kama treni imeingia, halafu tukarudi kwa lami kwa sababu ulipenda inavyoteleza. Bodaboda walitupita wakicheka. Nikikaza miguu ulinigonga mgongoni, ukauliza haraka ya nini, kuna mtu anatudai?

Kiangazi cha mwisho ukabadilika kidogo. Kila Jumamosi ulitaka tupitie kwa mtu, leo huyu, kesho kutwa yule, na kila mtu ulimwachia kikaratasi cha mbegu. Nikanung'unika. Nilikuambia utagawa mpaka chupa iishe, sisi tutapanda nini? Ukanijibu, "Zitakuwepo." Kwa Mama Zuhura, yule mke wa mwenye duka jirani na stesheni, ulikaa ndani muda mrefu. Mimi nje napiga kengele ya baiskeli, nimekereka, nywele zinaungua. Ulitoka macho mekundu. Nikauliza, ukasema moshi wa jikoni. Nikaamini. Mtu nimekaa naye miaka thelathini chini ya bati moja, naambiwa moshi, nakubali, napanda baiskeli.

Mwezi haukuisha, ukaanguka pale matutani na ndoo mkononi. Siku ya tatu ukaniacha.

Vijana wa mtaa walileta turubai wakauliza lifungwe wapi, maana mbele kwetu unajua palivyo finyu. Nikaonyesha kwa mkono, nyuma. Mmoja akaniuliza, "Na hii mboga iliyokauka, mzee?" Nikamwambia ing'oeni. Nilisema mimi, kwa mdomo wangu, wala hakunilazimisha mtu. Mabua wakawatupia mbuzi, ardhi wakaisawazisha kwa majembe, na matanga yote watu walikaa kwenye mikeka juu ya matuta yako.

Sikukumbuka mpaka baada ya arobaini. Mvua zilikuwa zimeanza, Yusta akaniuliza mwaka huu tunapanda nini. Nikaenda nyuma ya kabati kwa haraka ya mtu aliyesahau chungu jikoni. Chupa ipo, ndani majivu tu. Mama Yusta, siku ile nililia kuliko makaburini. Makaburini watu walinishika.

Nikatoka na baiskeli peke yangu, Jumamosi, mara ya kwanza kuipanda tangu uondoke, kuwafuata wote uliowagawia. Hapo ndipo nilipogundua siwezi tena kuendesha. Baiskeli ilivuta kulia. Kila nikiinyoosha, inarudi kulia, katikati ya barabara, na bodaboda wananipigia honi na kuniuliza kama nimelewa asubuhi yote hii. Nikashuka nikaikokota. Ilinichukua mwendo mrefu kuelewa kwamba miaka yote ile, wewe ukiwa umekaa na miguu kushoto, mimi nilikuwa nalalia kulia ili tusianguke. Uzito umeondoka, mgongo wangu haujui.

Wa kwanza aliniambia aliupanda wakaula wote, mtamu kweli. Wa pili aliung'oa akauza. Wa tatu kikaratasi kilinyeshewa. Hakuna aliyeacha hata mche mmoja ukomae, wala siwalaumu, mstari wako wa mbegu mimi mwenyewe nilikuwa nimeung'olesha. Kwa Mama Zuhura niliacha mwisho. Nilikuwa naionea haya ile kengele.

Hakunipa nafasi ya kueleza. Aliingia ndani akatoka na kopo la maziwa, limejaa, majivu na mbegu. Akasema, "Shemeji, hizi si zangu. Aliniambia nipande, niache mstari uzae, nikuwekee." Nikamuuliza kwa nini uliziweka kwake, nasi tulikuwa na zetu. Akatazama chini. "Alisema msiba ukiingia, kwenu turubai halina pengine pa kufungwa."

Nilikaa kwenye ngazi za duka lake. Kwa hiyo ulijua, na ulikuwa umeshapima hadi mahali watakapokaa waombolezaji wako. Nilikasirika, nisikufiche. Nilikukasirikia wiki nzima. Uliweza kumwambia Mama Zuhura, mimi niko hatua kumi nje, ukashindwa kuniambia mimi? Niliikung'uta mito ya kitanda, nilimgombeza Yusta bila kosa. Kisha hasira ikaisha, nikabaki na kengele. Labda ulitaka Jumamosi zetu zibaki Jumamosi. Ungeniambia, nisingekupeleka stesheni, ningekulaza ndani na blanketi, nikikutazama unavyopumua. Unanijua.

Mchicha umeota. Mwaka huu nilitengeneza matuta pale pale, udongo ulikuwa mgumu kwa kukanyagwa. Naupika vibaya, Yusta anakula kwa heshima tu. Doa la zambarau lipo. Mstari mmoja, ule wa karibu na ukuta, hauguswi, umeshanifika kifuani, na juzi mgeni mmoja ameniuliza kwa nini siling'oi lile gugu. Nikamwambia kaa, nikueleze.

Baiskeli bado inavuta kulia. Nimeipeleka kwa fundi, kakagua tairi, kakaza spoku, kaipanda mwenyewe mpaka kona na kurudi bila kushika usukani, anaringa. Akanirudishia akasema, "Mzee, baiskeli haina tatizo."

Nikamwambia najua.

Ngoja niiondoe chini ya dirisha, jua linapanda. Leo nampelekea Mama Zuhura fungu la kwanza, na nitakaa ndani muda anaotaka. Kibao chako sijakifungua kwenye keria.

Mumeo,
Baba Yusta