Nyumbu Aliyetumwa Kwanza

Kaka Mwita,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Siku tunakuzika, wakati wanaume wanashusha jeneza na shangazi wamemshika mama huku na huku, mimi sikuwa naomba wala sikuwa nasikiliza mahubiri. Nilikuwa nawaza ile senti kumi ya tundu. Nilikuwa najiuliza kama imo kwenye mfuko wa suti waliyokuvalisha. Nilitaka kumshika mjomba mkono nimwambie wasubiri kidogo, waangalie mfukoni. Sikusema. Unanijua. Wakafukia, na mimi nikabaki nimesimama nalia kama wengine, lakini nusu ya kilio changu ilikuwa ya sarafu.

Cheka tu. Ungekuwepo ungecheka mpaka ushike ukuta.

Leo nakuandikia kwa sababu nina habari, na habari yenyewe ni nzuri, kaka. Ni nzuri sana. Ila siwezi kuianzia mwisho. Nitaandika yote, hata yale unayoyajua, maana nikiyaandika naona kama tuko wote pale kwenye benchi la wateja.

Unakumbuka ilivyoanza. Saluni yako ya pale Nkende ilikuwa haikosi wachimbaji, wanatoka machimboni na vumbi mpaka kwenye kope, huyu Msukuma, huyu Mnyiramba, huyu katoka Rukwa. Yule wa Shinyanga alimaliza kunyolewa akagundua hana hata mia. Akavua kamba shingoni, akakupa senti kumi ya mkoloni, ina tundu katikati na meno ya tembo yameizunguka. Akasema ilikuwa ya bibi yake. Ukaishika kwenye mwanga wa mlango, ukaigeuza, ukasahau kuna mteja mwingine kwenye kiti amenyolewa upande mmoja. Kesho yake ukabandika karatasi ukutani: ukileta sarafu ya zamani, unanyolewa bure. Mama akasema umerogwa.

Ndipo ukatengeneza mbuga. Ukachukua boksi la sabuni, ukalitoboa vishimo, kila kishimo mnyama wake. Simba wa mia mbili, nyati wa mia tano, faru wa hamsini, swala wa mia. Punda milia wa senti kumi, mbuni, sungura, na tembo na mwanawe. Samaki wa senti tano ukamweka pembeni kabisa, ukasema huyo ni wa Musoma, hatuhusu. Nikakwambia yule ni samaki wa baharini. Ukasema basi katoka mbali zaidi, akae hukohuko.

Nyumbu hakuwepo, kishimo chake kilikuwa kitupu. Hilo lilikuuma kuliko yote. Ulikuwa unamwambia kila mteja, mashine ikiwa kichwani pake ili asikimbie, kwamba nchi hii ina nyumbu wengi kuliko watu wa Tarime na hakuna hata mmoja aliyewekwa kwenye hela. Mimi nilijua unachokikumbuka. Ni ile siku mjomba wa Kisaka alipotupeleka upande wa Ikoma, kule Serengeti, tukiwa wadogo, nyumbu wakavuka mbele yetu, wakavuka, wakavuka, wewe ukajaribu kuwahesabu ukaacha, ukasema nchi inatembea.

Nilisoma kwenye kitabu cha maktaba ya shule kwamba Afrika Kusini wana nyumbu kwenye senti mbili yao ya zamani. Nikakuonya kwamba ni nyumbu wa kwao, mweusi, mkia mweupe, si kama huyu wetu. Ukasema, "Profesa, nyumbu akishafika huku ni wa huku."

Basi tukaingia kwenye grupu la wakusanya sarafu, watu kutoka Songea mpaka Mombasa, kila mtu na picha za sarafu zake. Wewe ulisema, mimi niliandika, kwa sababu ulidai vidole vyako vimezoea mashine. Watu walikusifu kwa Kiswahili chako kilichonyooka. Ulikuwa unaniangalia kwa jicho la pembeni, unaniambia nijibu asante.

Na sheria ya grupu ulikuwa unaijua. Mnapokubaliana kubadilishana, yule mgeni zaidi ndiye anatuma kwanza. Mwenzake akishapokea, ndipo naye anatuma. Ukishajulikana, sheria inalegezwa, mnatuma siku moja. Kwa wengine ililegezwa. Kwako wewe haikulegezwa hata siku moja, ukiwa umeshabadilishana na nusu ya grupu. Deo wa Morogoro, akituchokoza sisi Wakurya na sifa yetu ya mapanga, ndiye alikuwa wa kwanza kusema, "Tarime tuma kwanza, mura, tusije tukafungua kifurushi tukakuta panga." Baada ya hapo ikawa ndiyo salamu yako. Ukiandika tu kwamba una sarafu, watu watano wanajibu: Tarime tuma kwanza.

Wewe ulicheka kuliko wao. Ukatuma kwanza kila safari. Hata yule wa Arusha alipopokea yako akapotea moja kwa moja, ulisema kala sarafu ya tundu, atashiba tundu. Mimi sikucheka, kaka. Nilikuwa naandika majibu yako ya utani huku nimekasirika mpaka macho yanauma.

Halafu akapatikana mzee Ngonyani wa Songea, mwalimu mstaafu, ana nyumbu. Akasema atamtoa kwa senti kumi ya tundu, ila iwe ya zamani kweli na isiwe imesuguliwa. Ulikuwa na moja tu ya namna hiyo, ile ya bibi wa Shinyanga, sarafu yako ya kwanza. Nilidhani utakataa. Ukasema ile ina meno tu, na mnyama mzima ni bora kuliko meno yake. Ukaniambia niandike kwamba ukirudi kutoka gulio la Kemambo unatuma.

Uliondoka na begi la mashine kwenda kuwanyoa watu wa gulio. Pikipiki iliyokubeba ikateleza kwenye kona.

Sitaandika zaidi ya hapo.

Fremu ya saluni mwenye nyumba kampa mtu mwingine, sasa wanauza spea za pikipiki. Siku tuliyokwenda kutoa vitu vyako, mama alikunja shuka lile la kuwafunika wateja, akalikunja tena na tena, kila akimaliza analikunjua. Mimi nilikuwa napanga vifaa vyako kwenye ndoo. Nikafungua kopo la poda niangalie kama imebaki. Senti kumi ilikuwa mle, imezama kwenye poda, nyeupe kama imepakwa unga. Kumbe uliificha hapo. Kumbe hatukuizika.

Mama alipoiona akaichukua, akasema ni ya mwanangu, ngoja niisugue kwa majivu iwe safi. Nikapiga kelele. Mimi. Nilipiga kelele mpaka muuza mahindi wa jirani akachungulia. Nilimwambia mama sarafu haisuguliwi, ikisuguliwa imekufa. Hilo neno lilinitoka vibaya. Mama akanitazama, akanirudishia sarafu kwenye kiganja, akasema, "Haya. Basi ipulize tu."

Nikaipuliza.

Simu yako mama aliniachia mimi. Nilikaa muda mrefu bila kuiwasha. Nilipoiwasha, grupu lilikuwa limejaa jina lako. Mwanzoni walikuwa wanauliza tu, Mwita vipi, mbona kimya. Mzee Ngonyani aliandika kwamba anasubiri, na bado anasubiri. Baadaye Deo akaandika, "Tarime kala kona." Mwingine akaandika ndiyo maana tulikuwa tunasema atume kwanza. Mwingine akasema anatafuta nyumbu wa nini, mbona sisi nyumbu tuliodanganyika tumejaa humu. Wakacheka sana. Mmoja akapendekeza utolewe kwenye grupu ili watu wajue kwamba utapeli una mwisho.

Walikuwa wanakuita tapeli na wewe huwezi kujibu, na mwandishi wako ni mimi, mtu ambaye darasani najua jibu na nainamisha kichwa ili mwalimu asinione. Niliandika ujumbe nikaufuta. Nikaandika mwingine mrefu, mzuri, nao nikaufuta, kwa sababu nilipousoma niliona ni maandishi yaleyale waliyoyazoea, wangedhani ni wewe unatunga kifo chako. Ilibidi wasikie sauti.

Nikaenda nyuma ya zizi, ng'ombe pekee ndio wananisikia, nikabonyeza, nikasema. Nimeusikiliza ule ujumbe mara nyingi tangu siku ile, kwa hiyo najua nilisema nini:

"Shikamooni. Mimi naitwa Bhoke, mdogo wake Mwita, nasoma kidato cha tatu. Mwita hajakimbia. Mwita amefariki, tumemzika hapa nyumbani. Sarafu ya mzee Ngonyani ninayo mimi."

Kwa nyuma ndama analia. Anasikika kabisa.

Kisha pole zikaanza kushuka, nyingi, sikuweza kuzisoma zote. Deo hakuandika kitu. Mzee Ngonyani akaandika pole ndefu, nzuri, ya mwalimu, na mwisho akaongeza kwamba biashara ipo palepale. Nikipata nafasi nitume senti kumi, akiipokea naye atamtuma nyumbu, sheria ni ileile.

Alikuwa anasema kwa upole, kaka. Hakuwa na ubaya wowote. Lakini nilipoisoma niliona ni lilelile, Tarime tuma kwanza. Nikabonyeza tena.

"Mzee wangu, kwa heshima zote, sitatuma kwanza. Kaka yangu alituma kwanza mpaka amekufa. Kama kuna mtu humu Mwita alimdhulumu, ajitokeze sasa hivi, nimlipe mimi. Kama hakuna, basi safari hii Tarime tutumiwe kwanza."

Nikaitupa simu kwenye nyasi kama inaungua. Nilijua nimeharibu. Nilijua nyumbu kapotea, kwa sababu ya mdomo wangu ambao siku zote haufunguki, na siku unafunguka unamjibu mtu mzima. Nikaenda kuchota maji. Niliporudi nikaiokota.

Mama mmoja wa Tanga alikuwa ameandika, "Mimi alinitumia kwanza, na ilifika." Chini yake mtu wa Bukoba: mimi pia. Mwingine wa Mombasa akasema alitumiwa hata kabla hajajibu salamu. Wakawa wanashuka mmoja baada ya mwingine, mimi pia, mimi pia, na picha za sarafu walizopata kwako, moja ni ile uliyoipiga wewe saluni, mashine yako inaonekana kwenye kona. Mwisho kabisa akaja Deo. Sauti yake nilikuwa sijawahi kuisikia, kumbe ni nyembamba. Alisema, "Mimi ndiye nilianza habari ya panga. Huyu jamaa tulikubaliana sungura mmoja, akanitumia wawili, akasema sungura hapendi kukaa peke yake. Sikumwambia mtu. Mzee Ngonyani, tuma."

Mama wa Tanga akaandika, "Songea tuma kwanza."

Likawa wimbo, kaka. Songea tuma kwanza, Songea tuma kwanza, grupu zima. Nilikuwa nimekaa kando ya ndoo nyuma ya zizi nacheka peke yangu, machozi yanaingia mdomoni.

Ikapita siku nzima na nyingine. Kisha ikaja picha ya risiti ya kifurushi, ofisi ya basi, jina langu kwenye nafasi ya mpokeaji. Chini mzee Ngonyani aliandika maneno mawili: Songea imetuma.

Juzi Jumamosi nilikipokea pale stendi. Ni kifurushi kidogo kama kiberiti, kimefungwa kwa gundi mpaka inabidi ukitafune. Sikuweza kufika nacho nyumbani. Nilikifungulia kando ya ukuta, karibu na wauza ndizi. Nyumbu yumo. Anakimbia, kaka. Mdogo, wa rangi ya shaba, mkia juu. Pembe zimekuja mbele kama kitabu kilivyosema, si za kwetu, na mimi sikujali hata kidogo.

Nyumbani nilimpa mama amwone. Alimpeleka karibu na macho, akamgeuza, akamrudisha. Akasema huyu ana ndevu kama baba yenu mdogo. Halafu akacheka. Tangu tukuzike nilikuwa sijamsikia akicheka. Akaniambia, "Lete lile boksi la mwanangu," akamweka mwenyewe kwenye kishimo chake, halafu akamwondoa simba akamhamishia upande wa pili, eti asimle.

Mbuga imejaa, Mwita. Nilitaka ulijue hilo. Na kwenye grupu wanaandika tu Tarime, bila kuongeza kitu.

Nakuaga sasa, maana karatasi inaisha na mama ananiita kwenye ugali. Pumzika, kaka yangu. Nakuahidi mambo mawili. Nitamtafuta twiga, nasikia yupo kwenye sarafu za nchi nyingine, na akipatikana nitaomba kwa sauti yangu mwenyewe. Na mwalimu akiuliza kitu ninachokijua, nitanyoosha mkono. Sio kila siku. Ila nitaanza.

Jana baada ya ibada niliifunga senti kumi kwenye kipande cha sponji, nikaitia ndani ya boksi la kiberiti, nikaenda ofisi ya basi. Karani aliniuliza jina la mtumaji nikamtajia, akasema hajasikia, nikalitaja tena kwa nguvu. Nilisubiri mpaka nikaona kifurushi kimepandishwa. Nikapiga picha risiti, nikaituma kwenye grupu, nikarudi nyumbani kwa miguu, nikafua sare za shule.

Mdogo wako,
Bhoke