Mabenchi Mawili Nyuma ya Pikapu

Jumamosi, 7 Septemba

Msasa tena. Mlango wa kushoto wa pikapu ya Baba, tangu baada ya alfajiri mpaka adhuhuri. Chini ya rangi ya kijani kuna buluu, chini ya buluu kuna kutu, chini ya kutu hakuna kitu, kidole kinapita. Nimekata kipande cha bati la pipa, kesho nitakichomelea. Baba angekuwa hai angenifukuza. Bati la pipa alikuwa hataki kulisikia.

Miezi mitano sasa tangu hoteli ya Kendwa waniambie ahsante. Miaka kumi na saba nimewatengenezea majenereta na mapampu, kisha meneja mpya, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, ananipa barua na fulana yenye jina la hoteli. Fulana ndiyo ninayofutia girisi.

Alhamisi, 12 Septemba

Mjini, kutafuta kabureta. Maduka matatu ya Darajani hawanayo. La nne wameniuliza kama nafungua makumbusho. Nimeipata Mchangani, kwa fundi mstaafu anayeweka vyuma uvunguni mwa kitanda. Mbovu, lakini inafaa kutolewa vifaa. Nimerudi nayo Chwaka nimeipakata.

Jirani yangu Bi Mwanaisha kaleta mkate wa kumimina. Kila siku ya pili hakosi kuleta kitu. "Kula, mwanangu," kanambia, "kazi unayoifanya ina thawabu."

Nimekula. Sikuuliza thawabu ya nini. Najua.

Jumatano, 18 Septemba

Mzee Haji, muadhini wetu, kapita bandani. Kaizunguka pikapu pole pole, kazishika zile kulabu mbili za chuma alizozichomelea Baba pembeni mwa bodi, za kufungia jeneza. Kaniuliza itakuwa tayari lini. Nimesema karibu, inshallah. Kaniombea dua, kenda zake.

Niandike basi, maana daftari hili hasomi mtu. Gari hii ndiyo iliyokuwa ikichukua maiti wa hapa, Baba akiiendesha. Wanasema Baba aliiweka wakfu Ijumaa moja, nje ya msikiti, kwa mdomo wake. Karatasi hakuna. Alipokufa, injini ilikuwa imeshakufa kabla yake. Miaka tisa gari imelala kwangu, kuku wanatagia ndani, na msikiti haukuleta hata lita moja ya oili. Nimeifufua mimi, kwa kiinua mgongo changu na mgongo wenyewe.

Nataka kuweka mabenchi mawili nyuma nichukue wageni, niwapeleke Jozani wakaone kima punju. Wageni wanapenda gari kuukuu. Nina miaka hamsini na tatu. Nani mwengine ataniajiri?

Ijumaa, 27 Septemba

Leo wamekuja watu sita kunisaidia kuirejesha injini mahala pake. Sikuwaita. Wamekuja na boriti yao na kamba yao, wamenyanyua, wameshusha, wametaniana, wakaondoka bila ya kungoja hata shukurani. Nimewachukia. Ningekuwa nawalipa ningestarehe.

Mke wangu Raya kaniuliza kama nimewaambia. Nimemjibu niwaambie nini. Kaendelea kuosha masahani kwa kelele.

Jumatano, 9 Oktoba

Imewaka. Moshi mweusi, kisha mweupe, kisha hakuna moshi. Nimekaa nyuma ya usukani nikalia peke yangu. Furaha ya kweli, ya kwanza tangu nifukuzwe kazi.

Mchana nimezikata kulabu. Zilikuwa zinazuia mabenchi. Nimezitupa nyuma ya choo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mvua. Rangi haikukauka. Sikufanya kitu.

Jumapili, 20 Oktoba

Mabenchi yamekwisha. Mninga, vanishi mara tatu, mito myekundu, turubai juu. Miguu ya chuma nimeichomelea kwenye sakafu ili yasicheze njiani. Nafasi ya watu kumi. Bodi yote rangi ya maziwa, na mlangoni nimeandika MAKAME SAFARI kwa mkono wangu, herufi zimenyooka. Sijapata kutengeneza kitu kizuri kama hiki.

Kila anayepita anasimama. Anaangalia mabenchi, anaangalia jina, anauliza hali za watoto, anakwenda. Hakuna hata mmoja aliyesifu. Wivu tu.

Bi Mwanaisha hajaleta kitu wiki nzima. Raya anasema anaumwa. Nitakwenda kumtazama kesho.

Ijumaa, 1 Novemba

Bi Mwanaisha kafariki alfajiri. Sikwenda kumtazama hata mara moja. Nilikuwa naona haya kukaa mbele yake.

Kwao ni Uroa, na aliusia azikwe kwao, karibu na mamaake. Saa nne asubuhi wamekuja kwangu, Mzee Haji mbele, jeneza mabegani. Hawakuja kuomba. Hawakubisha hodi hata. Wamekwenda moja kwa moja bandani, wakafungua nyuma ya gari, wakalinyanyua jeneza.

Halikuingia. Katikati ya mabenchi pamebaki nafasi ya miguu ya wageni tu. Wakajaribu kwa ubavu. Mmoja akauliza haya yanatokaje. Kumbe walidhani nimewawekea wazikaji, ya kutoa na kurejesha. Mzee Haji akawa anapapasa bodi, anatafuta kulabu. Akapapasa na upande wa pili.

Nikasema nileteeni grinda, niyakate, saa moja tu.

"Maiti hangojeshwi, Makame," akanambia.

Wala hakukasirika. Afadhali angenitukana mbele ya watu.

Wakaisimamisha barabarani gari inayochukua mchanga. Dereva akafagia haraka haraka, mchanga mwengine ukabaki. Humo ndimo walimomlaza Bi Mwanaisha, aliyenilisha wiki ngapi sijui, na wazikaji wakapanda naye wakabanana kwa kusimama. Niliwasha pikapu nikawaambia pandeni huku. Wakasema ahsante, wakapanda kule. Nimewafuata mpaka Uroa, mabenchi yote mawili matupu, mito myekundu inang'aa juani. Makaburini nilitia mchanga kama watu wote. Hakuna aliyenitenga, hakuna aliyeninyoshea kidole. Nilipewa mkono.

Na hili niliandike. Huko nyuma nimeandika "wanasema Baba aliiweka wakfu." Uwongo. Ijumaa ile nilikuwepo. Sikuwa mtoto, nilikuwa nshaoa. Nilisimama kuliani kwa Baba nikasikia kila neno: gari hii si yangu tena, ni ya msikiti, ya kuchukulia maiti, mimi nitakuwa dereva tu. Nimesikia na nimeelewa. Nilikuwa nangoja waliosikia pamoja nami wafe. Amebaki Mzee Haji na wengine wawili.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimeyakata mabenchi. Raya kaja kunishikia upande wa pili, sikumwita. Ubao mmoja umepasuka. Sakafu imebaki na makovu manane. Nimeyasaga, nimeyapaka rangi, bado yanaonekana.

Jumapili, 3 Novemba

Nimeunda kulabu mpya. Za Baba zilikuwa nzuri zaidi. Jina nimelifuta.

Jumanne, 5 Novemba

Baada ya alasiri nimeipeleka gari msikitini. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: kwamba mimi Makame naitoa gari hii kwa msikiti, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na thawabu zimfikie Baba. Mzee Haji alikuwa barazani. Nikamwamkia, nikayasema yote kama nilivyoyapanga. Kanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

Kazipokea funguo, kazitia mfukoni.

"Hii babaako kashaitoa," akasema. "Wewe unairejesha."

Nikasema naam. Akanielezea pa kuiegesha, chini ya kivuli cha ukuta ili rangi isiharibike, na akaniuliza kama mafuta yamo. Nikamwambia yamo.

Nimerudi kwa miguu. Raya kaniwekea chai na muhogo. Nimekunywa, sikula. Nilikwenda pale nikitaka ahsante. Nilijua siistahiki, na nilikuwa naitaka, na mpaka sasa ninapoandika bado naitaka.