Kioo Kinasema Nasibu Ametoka

Ng'wanone Rebeka, mjukuu wangu,

Marahaba, ingawa hujanisalimia. Huku Mhunze pamba imekauka, mbuzi mweupe amezaa.

Mjomba wako Donatus amenieleza kazi yako mgodini Geita. Taarifa za wachimbaji zinahifadhiwa mtandaoni, wewe unaziunganisha na kioo kinachoonyesha nani yumo shimoni na nani ametoka. Ndiyo maana ukawakataza kuacha kandambili mdomoni mwa shimo, eti ushamba! Siku ile muunganisho ukakatika, kioo kikabaki na picha ya jana yake jioni, wote wametoka. Mkapiga baruti. Kandambili zingewaambia kaka yako yumo.

Mpaka leo hamjakirekebisha, kinasema Nasibu ametoka. Basi mwambie aje nyumbani. Mama yenu amekaa mlangoni, hali chakula.

Bibi yako aliyekulea,
Paskazia