Uji wa Muhogo Juu ya Jina la Akimana

S.L.P. 38,
Kibondo.
11 Machi 1997

Mpendwa mdogo wangu Niyomwungere,

Mwakeye! Wewe na watoto mmeamkaje huko Morogoro? Kifua chako kimepoa? Sisi hapa wazima, Esteri wangu mzima, na maharage yametoka vizuri. Mimi peke yangu ndiye ninayeumwa, na ugonjwa wangu una jina: Longinus.

Unaukumbuka ubao wa matangazo niliouweka sokoni, mbele ya karakana yangu ya useremala? Mbao zangu, misumari yangu, hata ile kalamu ya risasi iliyofungwa kwa kamba ni yangu. Nilisema kila mtu abandike bila kuomba ruhusa, maana watu wanaovuka mpaka wanatafutana, na aliyepotelewa na mtoto hana muda wa kungoja mhuri.

Basi Longinus, muuza dawa, akaona shamba la bure. Dawa ya minyoo, mapenzi na kesi! Ukitazama karatasi kumi, nane ni zake. Tena hatumii pini. Anapaka uji wa muhogo, na ukikauka ni saruji.

Mwezi uliopita Rashid, dereva wa lori la Manyovu, aliniuliza kama nimeona karatasi ya dada yetu Akimana, tuliyepotezana naye. Alipewa njiani, imeandikwa Kirundi, yeye akaelewa majina tu, akaibandika. Nilikimbia. Nikaikuta chini ya dawa ya Longinus. Kubandua ya juu, ya dada ikachanika nayo. Limebaki jina lake, langu, na neno «turi», yaani tuko. Tuko wapi? Hapo mahali paliondoka na uji.

Nilitoka na tezo mkononi kumwendea Longinus. Esteri akaniwahi mlangoni.

Nikaapa kuutilia ubao mlango na kufuli, ufunguo mfukoni mwangu. Esteri akacheka: "Baba Evaline, Longinus atakuja kuuomba huo ufunguo na kuku mkononi. Anayemtafuta mwanawe ataona haya, apite zake. Sasa utakuwa umemfungia nani?" Nikaliacha la kufuli.

Tukaweka sharti jingine. Bandika utakavyo, ila siku ya soko usimame uisome kwa sauti, isiyosomwa inatolewa. Nikaongeza mwiba wangu: mwenye karatasi nyingi kuliko wote ndiye awasomee wasiojua kusoma, kabla ya zake.

Jumamosi, siku ya soko, Longinus akaja na suti. Akasoma za watu mpaka jasho likalowesha kola. Alipofika kwenye dawa yake, Adija wa dagaa akamdaka: "Mganga, chupa ni moja. Nikinywa, nitashinda kesi au minyoo ndiyo itanipenda?" Soko likaangua kicheko. Nilikila kicheko kile kama nyama.

Alitaka kuondoka. Nikamwambia, bado moja, umeiruka. Ilikuwa ya kwetu, niliyoiandika baada ya ile ya dada kuchanika. Akaisoma kwa hasira, na sauti yake unaijua ni ya fahali: "Anatafutwa Akimana, binti Ntirampeba!" Kule kwenye mihogo mama mmoja akadondosha kikapu. "We mganga! Rudia hilo jina!"

Mama yule ni jirani yake. Akimana yuko Kanembwa, mdogo wangu. Kambini hapa karibu, na mimi nilikuwa naulizia Manyovu. Jana nimemshika mkono. Amekonda, lakini kucheka kwake ni kule kule, na amekuuliza wewe kwanza.

Sasa sikia adhabu yangu. Akimana anataka nimpelekee Longinus jogoo wa shukrani! Nimekataa. Esteri ameshamchagua jogoo. Haya, nitampeleka, lakini nimemfungia shingoni karatasi ya dawa, na Longinus hatampokea mpaka amsomee tangazo lote, kwa sauti, mbele ya Adija.

Msalimie shemeji Josephina na baba mdogo Harerimana. Tafuta nauli uje, dada anakungoja. Imana, Mungu wetu, akurinde njiani.

Kaka yako akupendaye, asiyesahau,
Hatungimana