Ziwa Ambalo Halikuwa la Kwenu

Mama Resti,

Hatujambo. Naanza hivyo kwa sababu ndivyo ulivyokuwa ukianza wewe kila tukifika kule juu, umeshika kiuno, unalipigia ziwa kelele: "Mama, shikamoo. Hatujambo huku. Dagaa wamefika." Watoto nao wanadakia, bibi shikamoo, bibi shikamoo, na upepo unachukua kila kitu.

Tulipanda jana. Shule zimefungwa mwezi huu wa sita, na Deo alikuwa ananiuliza kila asubuhi kama mwaka huu tunakwenda kumsalimia bibi kilimani "au mpaka mama awepo." Ana miaka sita, anajua ulipo, alitupa udongo kwa mkono wake mwenyewe. Anasahau tu. Mimi sisahau, ila sihisi kitu. Tangu mwezi wa tatu nasaga mahindi ya watu, nasaga ulezi wao, nafunga mashine, napika ugali ambao Resti anasema unafaa kujengea ukuta, nalala. Nikipewa pole naitikia, nimeshapoa. Arobaini imepita bila mimi kutoa chozi, na shangazi zangu wanalizungumza.

Nilichemsha viazi na karanga, nikajaza chai kwenye chupa. Chumvi nilisahau. Nilisahau pia sheria yako, kwamba mdogo ndiye anatangulia ili yeye apange mwendo. Nikatangulia mwenyewe kama mtu anayewahi basi, mpaka Resti akaniita kutoka nyuma, "Baba, Deo yuko wapi?" Alikuwa amekaa huko chini anatoa kijiwe kwenye kiatu, halii wala haiti. Nikarudi, nikamweka mbele. Kuanzia hapo tulikwenda polepole, tukapumzika kwenye jiwe lako la kwanza, kwenye la pili, na kwenye lile la tatu ulilosema ni la baba, ukimaanisha mimi na pumzi zangu.

Sasa nikwambie kilichonipeleka.

Unaukumbuka mwaka wetu wa kwanza. Nimekuleta kutoka Kirando, baridi ya Sumbawanga imekushika, una mimba ya Resti, huli. Unasema hewa ya huku haina harufu ya ziwa. Mvua zinanyesha, barabara mbovu, na mashine wakati ule ilikuwa ya mtu, sikuweza kuiacha nikupeleke ukasalimie. Ndipo nikakupandisha kilimani asubuhi moja, nikakuonyesha maji yanang'aa mbali kule bondeni, nikasema, "Kwenu kule." Ukatazama kwa muda mrefu. Kisha ukakaa kwenye majani ukala viazi viwili.

Mama Resti, lile ni ziwa Rukwa. Kwenu ni upande mwingine kabisa, mgongoni mwetu, na ukiwa pale ziwa lenu, Tanganyika, halionekani hata ukipanda mti. Nilijua. Nilisema nitakwambia ukishajifungua. Nikasema ukishazoea. Halafu watoto wakaanza kulisalimia pamoja nawe, ikawa miaka kumi na moja. Siku zile nne ulipolala hospitali nilikaa pembeni ya kitanda nikiwa na neno hilo mdomoni. Nikakuuliza kama unataka uji.

Resti yuko darasa la tano, wanachora ramani. Nikaona niwaambie mwenyewe kabla mwalimu hajaniaibisha. Tulipofika jua bado lilikuwa chini, maji yanang'aa, na Deo akashika kiuno akaanza, bibi shikamoo. Nikamwacha amalize. Kisha nikawakalisha, nikasema lile siyo ziwa la bibi, bibi hayuko kule, baba alimdanganya mama.

Resti alikuwa anamenya kiazi. Hakuacha kumenya.

"Mama alijua," akasema.

Anasema mwaka jana alikuja kwako na daftari la ramani, ukafunga mlango wa jikoni. Ukamwambia mtu wa Kirando anakua akiliona jua linazama ziwani, na pale kilimani linachomoza huko huko kwenye maji, sasa ungekosaje kujua. Ulijua siku ile ile ya kwanza. Ukamwambia, "Mwache baba yako. Alinibebea viatu mpaka juu. Ningemwambiaje kwamba silo?"

Nilikukasirikia. Miaka kumi na moja unamsalimia mama yako kwenye ziwa la watu, kwa sauti ile, na mimi nimesimama nyuma yako na kosa langu, nafikiri nimelibeba peke yangu. Ungenicheka tu, siku moja, ningepumua. Hasira ilikaa muda wa kikombe kimoja cha chai, halafu ikaisha, nikarudi kuwa nilivyo. Lakini nilikuwa nimehisi kitu. Sina mwingine wa kumwambia hilo.

Deo akauliza kama salamu zake zote zilipotea basi. Dada yake akamjibu kwamba bibi alikuwa anapigiwa simu kila Jumapili, asijali. Tukashuka, Deo mbele.

Mengine ni madogo. Resti anavaa sweta lako, mikono kaikunja mara mbili. Deo kang'oka meno mawili ya mbele. Kanga yako ya jikoni iko palepale msumarini, sijaifua, na najua ungeniambia niifue.

Nimeshaongea na mama yako. Mwezi wa kumi na mbili, shule zikifungwa, nawapeleka watoto Kirando. Hiyo nakuahidi, mashine nitaifunga. Tutakwenda ufukweni wote watatu, tutalipa ziwa mgongo, tutaelekea huku juu tulikokuzika. Deo ataanza, kwa sababu yeye ndiye mdogo: mama, shikamoo, hatujambo huku, dagaa tumewaona. Nami nitaitikia nyuma yao.

Kwaheri, mke wangu. Kutoka kule kaburi lako halitaonekana, nimeshawaambia watoto, safari hii sidanganyi mtu. Wewe jifanye unatuona. Unajua kujifanya.

Baba Resti