Lenzi ya Mshahara wa Kwanza

4 Februari

Mwanangu kifungua mimba,

Marahaba, nakuitikia kabla hujaniamkia, najua shikamoo iko njiani. Sisi wazima. Mama yako anagombana na kuku wa jirani, kwa hiyo ana afya.

Lenzi imefika. Nimeibana jichoni mbele ya fundi viatu, akanyamaza, na yule hanyamazi hata akiwa na misumari mdomoni. Ile yangu ya bati ilikuwa inateleza. Hii yako ina mpira laini ukingoni, inakaa kama nilizaliwa nayo. Kila anayeleta saa namwambia, huu ni mshahara wa kwanza wa binti yangu. Nilikuwa fundi saa bora mtaani, sasa waseme mjini.

Kope ya kulia inawasha kidogo. Vumbi tu hilo.

Mimi baba yako, Fundi


26 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi ya kupokea wagonjwa hapa kliniki ya ngozi nimeanza kuizoea. Nimefurahi mno kuhusu lenzi.

Kope nimemweleza muuguzi. Anasema huenda ni pumu ya ngozi, na ngozi ya hapo ni nyembamba kuliko zote mwilini. Usiikune. Osha kwa maji ya uvuguvugu, acha ile sabuni yako ya kunukia, paka mafuta mepesi yasiyo na harufu. Ikiwasha sana, weka kitambaa cha maji baridi. Na uchunguze ni kitu gani kinaichokoza.

Binti yako


15 Machi

Mwanangu,

Salamu kwa wingi, nasi hatujambo ila kope. Ilivimba, ikawa nyekundu, ikabanduka kama ganda la kitunguu. Siku ya mapumziko inatulia, nikirudi kazini inaanza upya.

Lakini baba yako si wa kushindwa na kope. Muuza duka amenipa dawa ya kupaka, kijitubu kidogo. Siku tatu tu, kope laini kama ya bwana harusi! Mwambie muuguzi wako aje nimfundishe.

Baba yako, Fundi


30 Machi

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo?

Tafadhali acha hiyo dawa. Muuguzi amenisomea maandishi ya tubu uliyonichorea nyuma ya barua. Ni kali, si ya kope. Ya machoni anaipima daktari, isiyo kali, kwa siku chache. Hiyo kali ukiipaka miezi inaleta presha ya macho, na presha ya macho inaiba kuona bila kuuma.

Halafu umesema siku ya mapumziko kope inatulia. Basi ni kitu cha kazini. Nahofia ni mpira wa ile lenzi. Iweke pembeni majuma mawili tu tuone.

Binti yako


12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima wa afya.

Lenzi ya mwanangu usiitukane. Fundi viatu ameiomba aishike tu, nimemkatalia. Nikiivua watu watasema imenishinda, au binti yangu alinunua kibovu. Ng'ombe haelemewi na nunduye. Tuzungumze mengine.

Baba yako, Fundi, mwenye lenzi


9 Novemba

Mwanangu,

Nisamehe kwa kimya kirefu. Mama yako hajambo.

Nilianza kuona taa zina duara la rangi. Nikasema uzee. Halafu nikawa nagonga fremu ya mlango kwa bega la kulia, mama yako anacheka, nami nacheka. Juzi kijigurudumu cha saa kilikuwa mezani mbele yangu, nikakitafuta mpaka mteja akakiokota yeye. Mteja!

Mama yako akanikokota hospitali. Daktari wa macho, ndevu hazijamtoka vizuri, akauliza nimepaka nini. Nikatoa tubu. La sita. Akaweka kalamu chini. Presha ya macho. Kilichopotea jicho la kulia hakirudi, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Akaitazama lenzi pia, akasema mpira. Kama wewe.

Sikio la kufa halisikii dawa, na mimi nilikuwa na mawili.

Baba yako


21 Novemba

Baba,

Shikamoo, baba yangu. Nimeisoma barua yako chooni kazini, wenzangu wasinione.

Najilaumu. Uliponijibu kwamba nisiitukane lenzi, nilipaswa kupanda gari nije niichukue. Sikuja, sikuandika tena. Unajua kwa nini? Nilifurahi. Nilimsomea kila mtu hapa, "Baba mwenye lenzi huyo, hataki kuivua." Furaha ile ndiyo iliyoninyamazisha, miezi yote hiyo.

Nakuja mwisho wa mwezi ujao. Niambie nikuletee nini.

Binti yako


28 Novemba

Kifungua mimba wangu,

Marahaba, na ufute machozi. Mwenye kope ni mimi, mwenye kichwa kigumu ni mimi, kosa la watu wengine usilibebe, utaumia mgongo.

Kope sasa imepona. Maji ya uvuguvugu, mafuta mepesi, kama ulivyoandika Februari. Tizama ilivyokuwa rahisi.

Saa ndogo za kike namwachia fundi wa ng'ambo ya barabara. Nilimpelekea mwenyewe, alipokea kwa heshima, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Saa za ukutani nafanya bado. Jicho la kushoto nalifundisha kazi na lenzi ya bati. Mwanafunzi mzito huyo, lakini mwalimu wake unamjua.

Yako nimeitundika kwenye msumari juu ya meza. Watu wakiuliza bado nawaambia ya nani.

Usiniletee kitu. Ukija, kaa upande wa kushoto.

Baba yako